Fumbo la Nyaya Tatu

Jumuiya yetu ina nyumba 14, nasi hukutana kila Jumatano saa 11 jioni, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mwezi wa nne mwaka jana zamu ilikuwa ya bibi mmoja anayekaa juu kidogo, upande wa milima ya Uluguru hapa Morogoro. Tuliimba, tukasoma neno, tukaomba, sadaka ikahesabiwa. Tulipoanza kuagana, mvua ikatufungia mlango. Mvua ya mlimani ikianza namna ile hakuna anayejifanya ana haraka. Bibi akaongeza maji kwenye sufuria ya chai, nasi tukarudi kukaa.

Ndipo mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, akaomba ruhusa atupe chemsha bongo. Tulidhani ni zile za Biblia tulizozizoea, nani aliishi miaka mingi kuliko wote, nani alikuwa mfalme akiwa mtoto. Yeye akachukua bahasha tupu ya sadaka, akaigeuza, akachora mistari mitatu kwa kalamu za rangi za mdogo wake: mmoja mwekundu, mmoja wa buluu, mmoja wa kijani.

“Mmefungiwa chumbani,” akasema. “Mna bomu mbele yenu, na lina nyaya tatu. Moja ni salama: mkiikata, bomu linazima. Mkikata nyingine yoyote, ndiyo mwisho wenu. Kila waya imefungiwa kikaratasi. Kwenye nyekundu kimeandikwa, ‘Waya salama ni hii.’ Kwenye buluu kimeandikwa, ‘Waya salama si hii.’ Kwenye kijani kimeandikwa, ‘Waya salama si nyekundu.’ Na aliyelitega bomu ameacha neno moja tu, nalo ni la kuaminika: kati ya vikaratasi hivyo vitatu, kimoja tu kinasema kweli. Shikamooni, wazee wangu. Mkate ipi?”

Tulicheka, kisha tukaanza kukata. Baba mwenyekiti alikata nyekundu bila kusita, akasema nyekundu ni damu ya Yesu na hakuna aliyewahi kupotea kwa kuishika. Bibi mwenye nyumba alitaka kijani, maana hata taa za barabarani kijani ni ruhusa ya kupita. Mtunza hazina wetu ni fundi umeme. Yeye alisema kijani ni waya ya ardhi, haina kazi hapo, na nyekundu kwenye nyumba za zamani ndiyo yenye moto, kwa hiyo anakwenda na mwenyekiti ingawa si kwa sababu za mwenyekiti. Mama mmoja wa kwaya alisema tusibishane, tufumbe macho tuombe, na rangi itakayomjia mtu wa kwanza moyoni ndiyo tuikate. Wengi tuliliona hilo kuwa jibu la kiroho kuliko yote. Wawili walishafumba macho.

Kijana alikuwa anatuangalia tu. Tukamwuliza nani amepata. Akasema bado hakuna, kwa sababu hakuna aliyesoma vikaratasi.

Ilikuwa kweli. Sote tulikuwa tumechagua kwa rangi.

Pembeni karibu na dirisha alikuwa amekaa Mwalimu. Tunamwita hivyo kwa sababu alifundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka mingi, na nusu ya vijana wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake. Tangu augue kiharusi husema polepole, neno likitafutwa kabla halijatoka, na mkono wake wa kulia hulala mapajani. Kwa hiyo mara nyingi kwenye jumuiya tunamalizia mazungumzo kabla yeye hajafika. Jioni ile aliinua mkono wa kushoto na kuomba bahasha.

“Tusikate kwanza,” alisema. “Tukae na lile neno. Kimoja tu ni kweli. Tujaribu moja moja.”

Tukangoja. Mvua nayo ilikuwa imetufunza kungoja.

“Tuseme salama ni nyekundu. Kikaratasi cha nyekundu kimesema kweli. Na cha buluu kinasema salama si buluu, nacho kimesema kweli. Vimeshakuwa viwili. Haiwezekani.” Akapumzika. “Tuseme ni kijani. Cha nyekundu kinadanganya. Cha buluu kinasema si mimi. Kweli. Cha kijani kinasema si nyekundu. Kweli. Viwili tena. Haiwezekani. Tuseme ni buluu. Cha nyekundu kinadanganya. Cha buluu kinasema si mimi, kumbe ndiye, kinadanganya. Cha kijani kinasema si nyekundu. Hicho ni kweli. Kimoja. Tukate buluu.”

Kijana akapiga makofi. Mwenyekiti akasema Kiswahili chetu kina hekima: kitendawili hutegwa na kuteguliwa, mtego hutegwa na kuteguliwa, na bomu pia husemwa hivyohivyo, kwa hiyo Mwalimu ametegua viwili kwa mkupuo mmoja. Mwalimu akasema fumbo lenyewe linamkumbusha Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ikatoka mwaka 1969. Mle wachumba wanachaguzwa kati ya kasha la dhahabu, la fedha na la risasi, na wanaochagua kwa kung'aa wanarudi kwao mikono mitupu. Tukafurahi. Mtu angeweza kusema jioni imekwisha vizuri.

Lakini Mwalimu hakuirudisha bahasha. Aliiangalia kwa muda, kisha akasema, “Hata mimi nilipewa vikaratasi vitatu.”

Hapo ndugu msomaji hatuna budi kurudi nyuma, maana kila aliyekuwa sebuleni mle alijua anasema nini, na hakuna aliyekuwa amewahi kukisema.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya jioni ile, Mwalimu alikuwa mgonjwa wa presha aliyekuwa akimeza vidonge kila siku. Tulimwombea kwenye jumuiya, tukamzunguka, tukamwekea mikono. Jumatano iliyofuata alisimama kutoa ushuhuda: kichwa hakimwumi tena, usingizi umerudi, anapanda kilima bila kusimama. Tulimshangilia Mungu, na tulifanya vyema. Kisha akatuuliza swali la mtu aliyezoea kuuliza vizuri. “Sasa wapendwa, niendelee na dawa au niache?”

Majibu yetu tunayakumbuka moja moja. Mmoja wetu alisema Mungu hafanyi kazi nusu nusu. Mwingine akatoa mfano wa mtu aliyepanda basi na mzigo kichwani akakataa kuutua, mfano tulioupenda sana siku zile. Dada mmoja anayefanya kazi kwenye zahanati alikuwepo, na alinyamaza. Baadaye alituambia aliogopa tutamwona mwenye imani haba. Mwishowe mwenyekiti akasema maneno yaliyosikika ya busara: “Mwalimu, fanya kama unavyoamini moyoni mwako.” Sote tukaitikia amina.

Aliacha dawa Jumapili ile. Wiki ya saba alianguka jikoni kwake akisonga ugali. Watoto wa jirani ndio waliosikia mwiko ukidondoka.

Tulimtembelea hospitali kwa zamu, tukampelekea uji na machungwa, tukalipa sehemu ya gharama. Kati yetu tuliita jambo lile majaribu. Wengine walithubutu kunong'ona kwamba huenda hakuamini kabisakabisa. Hakuna aliyesema, “Sisi ndio tuliomwambia.” Na jambo hili ndilo linalotuuma zaidi kuliko yote tunayoyaandika hapa: mashine ya kupimia presha ilikuwa kwenye kabati la usharika. Ilinunuliwa kwa michango yetu wenyewe kwa ajili ya wazee. Siku ile Mwalimu alipouliza swali lake, mtoto angeweza kutumwa kuichukua akarudi kabla chai haijapoa. Hatukumtuma mtu. Tulijua kuwa presha haiumi, kwamba inaweza kuwa juu mtu akijisikia mzima kama kigori. Dada wa zahanati alijua, na wengine wetu tuna presha. Lakini kupima kungeonekana kama kumjaribu Mungu.

Basi jioni ile ya mvua Mwalimu alivitaja vikaratasi vyake, akivihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto.

“Kadi ya kliniki ilisema, usiache dawa bila kumwona daktari. Mwili wangu ulisema, umeshapona, huna maumivu. Ninyi mlisema, anayeamini haendelei kumeza. Nami sikuvisoma. Nilikata kwa rangi.” Akatulia akitafuta neno. “Na ninyi ndio mliokuwa na rangi nzuri kuliko wote.”

Mvua ilisikika kwenye bati kwa muda mrefu. Mwenyekiti alivua kofia. Ni mtu mzima, karibu rika moja na Mwalimu, na hana mazoea ya kuomba radhi mbele ya vijana. Alisema, “Mwalimu, tulikukosea. Mimi nilikukosea kwanza. Nilikuachia uchague peke yako, nikarudi nyuma, nikaita kule kurudi nyuma imani.” Mmoja mmoja tukasema la kwetu. Dada wa zahanati alilia hata akashindwa kusema.

Mwalimu alisubiri wote tumalize. “Niliwasamehe nikiwa bado wodini,” akasema. “Ila mlikuwa hamjaomba.”

Kijana wa watu alikuwa amesimama na kalamu zake za rangi, hajui aketi au atoke. Alifikiri ameharibu ibada.

Tangu hapo Jumatano kadhaa hatukusoma kitu kingine. Mwinjilisti wetu alitutaka tusikimbilie upande wa pili, kama watu wafanyavyo wakishaumia, na alituuliza swali gumu: mbona mitume walipiga kura kumpata atakayeshika nafasi ya Yuda? Je, kura si kubahatisha? Tulifungua Matendo sura ya kwanza tukaisoma polepole, kwa mwendo wa Mwalimu. Tuliona jambo tulilokuwa tumelipita miaka yote. Kabla ya kura Petro aliweka sharti: awe mtu aliyefuatana nao wakati wote, tangu ubatizo wa Yohana hadi siku Bwana alipopaa, ili awe shahidi wa ufufuo. Katika watu wapatao 120 wakabaki wawili. Ndipo wakaomba, ndipo wakapiga kura. Walifanya kwanza kazi yote waliyoweza kuifanya kwa macho na masikio waliyopewa. Sisi tulikuwa tumeanzia kwenye kura.

Habari ya Hezekia ilitushtua zaidi. Mfalme yule aliahidiwa uponyaji na nabii Isaya kwa kinywa cha Mungu mwenyewe, na miaka 15 juu yake. Hakuna kati yetu aliyewahi kupewa ahadi iliyo wazi hivyo. Na bado nabii yuleyule akaagiza waletwe tini, wakaziweka kwenye jipu lake. Mama wa kwaya, yule aliyetaka tufumbe macho, aliusoma mstari huo mara mbili, kisha akauliza, “Kwa hiyo Isaya naye alikuwa na imani haba?” Hatukumjibu.

Mchungaji alipotutembelea alituelekeza kwenye majaribu ya Bwana, pale shetani alipomweka juu ya kinara cha hekalu akamtaka ajitupe, na akamtolea Maandiko ya kumsindikiza. Kikaratasi kile kilikuwa cha Maandiko kweli, na aliyekishika alikuwa mwongo. Kwenye fumbo letu ilikuwa kinyume chake: kikaratasi pekee kilichosema kweli kilifungwa kwenye waya ambayo ingetuua, na waya ya kutuokoa ilikuwa na kikaratasi cha uongo. Mahali neno liliponing'inia hapakutuambia kama ni kweli. Kadi ya kliniki ni karatasi iliyochakaa, imeandikwa kwa mwandiko mbaya, inanuka dawa. Tulipenda zaidi maneno yetu wenyewe, yaliyotamkwa kwa machozi na vinanda.

Kijana wetu alikuwa na swali lake. Alitaka kujua kama wategua mabomu wa kweli hukata nyekundu au buluu. Kwa mji wetu hilo si swali la mbali, maana ni hapahapa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linakofundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Mmoja wetu ameishi jirani na mahali pale miaka mingi, akatueleza. Kwanza, mambo ya rangi ni ya filamu. Anayetengeneza bomu hutumia waya yoyote anayoipata, kwa hiyo rangi haimwambii mtu kitu. Pili, panya hakimbizwi kiwanjani akatafute kwa bahati. Hufungwa kwenye kamba, huongozwa mstari kwa mstari, na akinusa baruti hukwaruza ardhi. Ni mwepesi, kwa hiyo akipita juu ya bomu halilipuki. Kwa nusu saa hivi humaliza eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi. Hufunzwa miezi mingi kwa zawadi ya ndizi na karanga, na hatumwi kazini kabla ya kufaulu mtihani. Panya waliotoka hapa wamefanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu hayo. Mmoja aliyezaliwa Tanzania, jina lake Magawa, alifanya kazi Kambodia akapewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Wengine hunusa makohozi kutafuta kifua kikuu.

Tulicheka tuliposikia ya medali. Lakini mtunza hazina, fundi wetu, hakucheka. Alisema, “Mkulima wa Msumbiji akirudi shambani kwake asubuhi, anatembea kwa imani. Hakuona bomu likitolewa. Ila amemwamini mtu aliyepima kila mstari.” Kisha akaongeza, kana kwamba anajisemea, kwamba yeye mwenyewe hashiki waya ya mtu kabla ya kuigusa na testa, hata mwenye nyumba akiapa kuwa umeme umekatwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuliona hilo kuwa dharau kwa mwenye nyumba.

Hatutaki mtu asome haya akadhani tumeacha kuombea wagonjwa. Tunawaombea, tunawawekea mikono, na wapo waliopona kwa namna ambayo dada wa zahanati mwenyewe hana maelezo nayo. Kilichobadilika ni kidogo tu. Baada ya amina tunauliza kliniki ni lini, na nani atamsindikiza. Mashine imetolewa kwenye kabati la usharika, inazunguka pamoja na kikapu cha sadaka. Kabla ya wimbo wa kwanza kila mwenye miaka 40 na zaidi hupimwa. Atakayezidi 140 kwa 90 hasemwi chochote mbele za watu, ila dada wa zahanati humfuata nje baadaye na kuzungumza naye. Siku hizi hanyamazi tena.

Si wote waliokubaliana nasi. Nyumba mbili ziliondoka. Walisema tumekuwa watu wa hospitali, na mmoja wao alituambia kwa upole kwamba tunamwogopa Mungu asije akatuaibisha. Tulilifikiri neno lake, na hatulitupi. Huenda ipo siku tutajificha nyuma ya mashine kama tulivyojificha nyuma ya amina. Bado tunawasalimu, na kwenye misiba tunapika pamoja.

Namba za presha huandikwa na Mwalimu kwenye daftari la mistari mikubwa, kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni tarakimu zake zilikuwa zikilala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Sasa zimenyooka. Jumatano iliyopita kijana alikuja na bahasha nyingine, nyaya nne safari hii na vikaratasi viwili vya kweli. Tumekaa nalo wiki nzima. Mwenyekiti ametuma ujumbe mara tatu akisema amelipata, na mara tatu amekosea. Mwalimu anasema jibu analo, ila hatatuambia mpaka kila mmoja alete daftari lake aonyeshe njia aliyopita.